Mbwa wa kuchunga ng'ombe: kanuni ambazo wafugaji wa Kivu wangeweza kuazima

BUKAVU – Ng'ombe wanaoletwa Bukavu kwa miguu huonekana kwanza kwa vumbi, halafu kwa makelele ya wanaowaongoza. Kijana mmoja hutangulia, mwingine hubaki nyuma na fimbo, na wa tatu hukimbia ubavuni akiwazuia wasiingie katika maharage ya watu. Kazi ya huyo wa tatu ndiyo ngumu. Pikipiki inapiga honi, lori linapita, ng'ombe mmoja anashtuka na kuruka mtaro, na kabla hajarudishwa mistari miwili ya maharage imekwisha kulala chini. Mwenye shamba anatoka na jembe mkononi. Kinachofuata kinajulikana kwa kila mtu wa Kabare, Kalehe au Uvira: mabishano, chefu wa kijiji, madai ya fidia, na mara nyingine damu.

Katika nchi nyingi za wafugaji, kazi ya kijana wa tatu hufanywa na mbwa. Na si mbwa yeyote aliyeokotwa njiani. Ni mbwa aliyefundishwa kwa miaka, kisha akapitishwa kwenye mtihani mbele ya mwamuzi mwenye karatasi na saa. Mtihani huo ni mashindano yenye kanuni zake, na kwa zaidi ya miaka 150 kanuni hizo zimekuwa zikirekebishwa ili kujibu swali moja ambalo wakulima na wafugaji wa Kivu Kusini wanalijua vizuri: namna gani ya kusogeza mifugo bila kuwaumiza wanyama, bila kuharibu mali ya jirani, na bila watu kugombana?

Hapa kwetu neno lenyewe linaleta matata kidogo. Ukisema "mchungaji" mjini Bukavu, msikilizaji atafikiria kwanza kanisa, mahubiri na sadaka. Katika habari hii mchungaji ni yule wa zamani, wa ng'ombe na mbuzi.

Ilianza Wales

Tarehe 9 Oktoba 1873, karibu na mji mdogo wa Bala huko Wales, tajiri mmoja mwenye ardhi, Richard John Lloyd Price, aliwaita wafugaji walete mbwa wao waonyeshe kazi. Walikuja mbwa kumi, na watu wapatao 300 kutazama. Wenyeji walitegemea kushinda nyumbani kwao. Ushindi ukachukuliwa na Mskoti aliyekuwa akiishi Wales, James Thomson, na mbwa wake mdogo aliyeitwa Tweed. Hayo ndiyo mashindano ya kwanza ya mbwa wa kondoo yanayokumbukwa katika Uingereza. Mwaka 1906 kikaundwa chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo, kinachojulikana kwa herufi ISDS, na mpaka leo kanuni zake ndizo zinazoigwa sehemu nyingi za dunia.

Namna mashindano hayo yanavyokwenda si vigumu kueleza. Mtu anasimama penye nguzo, mbwa wake pembeni. Mbali, mita zaidi ya 300, kuna kondoo watano hivi wanaokula majani. Mbwa anatumwa. Hatakiwi kukimbia moja kwa moja kuwaelekea, kwa sababu watatawanyika. Anatakiwa azunguke kwa upana, kama mtu anayepita nyuma ya nyumba asionekane na wenyeji, mpaka afike upande wa pili wa kundi. Hiyo pekee ina alama 20. Akifika anasimama, au anapunguza mwendo, kisha anawasogelea taratibu mpaka kondoo waanze kutembea. Hapo ni alama 10, na waamuzi huitazama kwa makini sana, kwa sababu namna kondoo wanavyoanza ndiyo namna watakavyoendelea. Wakianza kwa hofu, wataendelea kwa hofu.

Baadaye mbwa anawaleta kwa bwana wake kwa mstari ulionyooka, wakipita katikati ya vizuizi viwili vilivyowekwa kama goli: alama 20 nyingine. Halafu inakuja sehemu inayoenda kinyume na silika ya mbwa. Anatakiwa awaondoe kondoo, awapeleke mbali na bwana wake kwa njia ya pembetatu. Silika ya mbwa wa kuchunga ni kuleta, kwa hiyo kupeleka ni jambo la kufundishwa, nalo lina alama 30. Mwisho kuna kuwatenga kondoo wawili au zaidi na wenzao, alama 10, na kuwaingiza wote katika zizi dogo, alama 10. Jumla 100. Muda ni kama dakika 15, na saa ikiisha, kazi imeisha hata kama kondoo mmoja tu amebaki nje ya mlango.

Mwamuzi hahesabu mazuri. Anaanza na alama zote na kupunguza kila kosa analoliona: kondoo aliyekosa goli, mbwa aliyepitiliza, amri iliyorudiwa mara nyingi mno, mstari uliopinda. Mshindani anaingia uwanjani akiwa na mia, na kila hatua inamla kidogo.

Kanuni ya zizi inafaa kutajwa peke yake. Mtu anafungua mlango wa zizi na kushika kamba iliyofungwa kwenye mlango huo, yenye urefu wa karibu mita mbili. Haruhusiwi kuiachia mpaka kondoo wote waingie. Kwa maneno mengine, amefungwa pale. Hawezi kukimbia huku na huku akipunga mikono kama tunavyofanya sote mbuzi wanapokataa kuingia. Lazima amwamini mbwa.

Ranchi si uwanja wa mpira

Lakini wafugaji wenye mali nyingi walikuwa na lalamiko. Kondoo watano kwenye majani safi, walisema, si kazi ya kweli. Kwenye ranchi kuna ng'ombe 60 au 200, tope, uzio uliokatika, mama mwenye ndama anayemrukia mbwa kwa pembe, na lori linalosubiri mlangoni. Mbwa anayepata alama 95 uwanjani anaweza kushindwa asubuhi moja tu ya kazi hiyo.

Ndipo yakatokea mashindano ya ranchi, hasa Marekani na Australia. Nchini Marekani chama cha Australian Shepherd Club of America, kilichoundwa mwaka 1957, pamoja na American Herding Breed Association, viliweka mipango ambapo mbwa anapimwa katika mazingira ya shamba lenyewe la mifugo. Hapo mpangilio wa njia haulingani kila mahali. Unafuata milango, mabonde na mazizi yaliyopo. Kazi zinazopimwa ni zile ambazo mfugaji angefanya hata kama hakuna mtazamaji: kutoa ng'ombe malishoni, kuwapitisha mlangoni bila msongamano, kuwazuia wasivamie chakula wakati mtu anakimwaga, kuwatembeza kandokando ya barabara, kuwatenga wachache na wengine, kuwaingiza katika njia nyembamba ya kuchanjia, kuwapandisha kwenye gari.

Kazi ya kuwazuia wasivamie chakula inaonekana kama mchezo wa watoto mpaka mtu aione. Mfugaji anaingia na gunia la majani au chumvi. Ng'ombe wanasukumana. Mbwa anatakiwa asimame kati yao na chakula, atulie, asibweke ovyo, asiume, na awashike pale kwa macho na kwa mwili wake mpaka aambiwe aachie. Wangapi wamekanyagwa mguu na ng'ombe wakati wa kugawa chumvi?

Kwa kuwa ranchi hazifanani, haki hutafutwa kwa njia nyingine. Katika siku moja na mahali pamoja, mbwa wote wa daraja moja hufanya kazi zile zile, kwa mifugo ya aina moja. Zamu hupangwa kwa kura. Njia hutangazwa kabla, na washindani huruhusiwa kuitembea kwa miguu bila mbwa ili waione. Kundi la mifugo lisilofaa, kwa mfano lenye ng'ombe mgonjwa au mwenye wazimu wa kuruka uzio, linaweza kubadilishwa na mbwa akarudia. Na kuna madaraja: wanaoanza hawawekwi pamoja na mabingwa.

Swali la meno huleta mabishano makubwa kuliko yote. Kwa kondoo, mbwa anayeuma bila sababu hutolewa nje, kama mchezaji aliyepata kadi nyekundu. Kwa ng'ombe kanuni ni tofauti, kwa sababu ng'ombe anaweza kumgeukia mbwa na kumwua. Hapo mbwa anaruhusiwa kung'ata kwa haraka, chini kwenye kisigino au kwenye pua ya ng'ombe anayemkabili, kisha aachie mara moja. Kung'ang'ania, kuuma mkia, ubavu au sikio, au kuendelea kufukuza mnyama ambaye amekwisha kutii, ni kosa. Mbwa wa Australia wa kuchunga ng'ombe alizalishwa hasa kwa kazi hiyo ya kisigino: anang'ata chini na kulala chini papo hapo ili teke lipite juu ya kichwa chake.

Nani analindwa

Ukisoma kanuni hizi kwa utulivu utaona kwamba nyingi hazimhusu mbwa. Zinamhusu ng'ombe. Idadi ya mara ambazo kundi moja linaweza kutumiwa kwa siku ina kikomo. Maji na kivuli lazima viwepo. Wanyama wenye mimba kubwa, vilema na ndama wachanga hawatumiwi. Mwamuzi ana haki ya kusimamisha kazi wakati wowote akiona mifugo inateswa, na mshindani hana rufaa uwanjani. Anayempiga mbwa wake au kumfokea kwa ukali anaondolewa. Mbwa jike aliye katika joto hupangiwa utaratibu wa peke yake ili asivuruge wengine. Umri nao una kanuni: American Kennel Club, kwa mfano, haimkubali mbwa aliye chini ya miezi 9.

Kuna sababu ya kiuchumi nyuma ya upole huo. Ng'ombe aliyefukuzwa anapoteza uzito, maziwa hupungua, mwenye mimba anaweza kuharibu. Mtaalamu wa Marekani Temple Grandin ameandika kwa miaka mingi kuhusu umbali ambao kila mnyama huutaka kati yake na kitu anachokiogopa. Ukiingia ndani ya umbali huo, anaondoka, ukitoka, anasimama. Ukisimama nyuma ya bega lake atakwenda mbele, ukisimama mbele ya bega atarudi nyuma. Wachungaji wazee wa nyanda za juu za Kivu hufanya hivyo bila kitabu. Mbwa mzuri naye hajui kingine: anacheza kwenye ukingo wa umbali huo, nusu mita ndani, nusu mita nje.

Huku kwetu mbwa ana kazi nyingine

Katika Bushi ng'ombe si nyama tu. Mkataba wa ardhi wa kimila unaoitwa kalinzi ulikuwa ukilipwa kwa ng'ombe, na mpaka leo mahari bila ng'ombe huacha maneno nyuma. Kwa Wafuliiru, Wabembe, Wanyamulenge, Watutsi na Wahutu wa Kalehe, na kwa wengine wengi, ng'ombe ni benki, ni jina la ukoo, na mara nyingi mno ni sababu ya vita.

Na bado mbwa hakuwahi kupewa kazi ya kuongoza ng'ombe. Ng'ombe wa pembe ndefu wa eneo la Maziwa Makuu wamezoea sauti ya mtu, mluzi, fimbo, na moshi wa moto unaowashwa zizini jioni. Wengi wao wana majina na huitika. Mbwa alikuwa wa mwindaji. Mbwa wa msituni wa Kongo, ambaye dunia inamwita Basenji, habweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji humfunga kengele shingoni ili wasimpoteze kwenye vichaka. Mbwa wengine hulinda lango usiku.

Wale wanaosema kwamba mbwa wa Kongo hawezi kufanya kazi kwa nidhamu wangefika Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Virunga katika Kivu Kaskazini. Huko, tangu mwaka 2011, kuna kikosi cha mbwa wa kunusa waliofundishwa pamoja na walinzi wa hifadhi, kwa msaada wa mganga wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Mbwa hao hufuata nyayo za majangili na kutafuta watu waliopotea. Waliowafundisha na kuwaongoza kila siku ni Wakongomani. Kazi ya kunusa si kazi ya kuchunga, lakini msingi ni ule ule: amri fupi, mazoezi ya kila siku, na mtu mmoja anayejulikana kwa mbwa mmoja.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mbwa wa kuchunga husogeza mifugo na kumtii mtu kila dakika. Mbwa wa kulinda hukaa na mifugo tangu akiwa mtoto, huiona kama ndugu zake, na hupambana na mnyama au mwizi anayekuja. Huyo wa pili hahitaji amri. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda tangu 1994, ili mbuzi wasiliwe na duma na wafugaji wasiwaue duma. Mbwa mmoja kwa kawaida hafanyi kazi zote mbili vizuri.

Na hakuna mbwa, wa kuchunga wala wa kulinda, anayezuia bunduki. Ni lazima hilo lisemwe katika mkoa ambao mifugo imeporwa mara nyingi na makundi yenye silaha ya kila rangi, kutoka Masisi mpaka Minembwe, tangu miaka ya 1990. Bukavu yenyewe iliingia mikononi mwa M23 mwezi Februari 2025. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wote hatafuti mbwa, anatafuta ng'ombe.

Mstari wa shamba

Mahali ambapo kanuni za mashindano zingeweza kusaidia ni pale penye ugomvi mdogo wa kila siku, ule unaozaa ugomvi mkubwa. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti au Septemba, mifugo hushuka kutoka nyanda za juu za Itombwe na Minembwe kutafuta majani kuelekea Lulenge na Ngandja katika teritware ya Fizi. Kwa desturi mfugaji hutoa itulo, ada kwa kiongozi wa kimila wa mahali anapolisha. Njia hujadiliwa, hubadilika, hufungwa. Mwaka mkulima akichelewa kuvuna, au mfugaji akiwahi kushuka, ng'ombe hukuta muhogo na mahindi bado yamesimama.

Katika mashindano mengi kuna mstari ambao mifugo ikiuvuka, kazi inasimamishwa. Ulaya mstari huo upo ili kondoo wasipotee. Katika Kivu ungekuwa kanuni ya kwanza kabisa. Fikiria njia ya mita 400 yenye kamba pande zote mbili, nyuma ya kamba kuna maharage ya kweli, na mwamuzi mmoja kati ya wawili ni mkulima. Ng'ombe akiweka kwato shambani, alama zinaondoka. Akila, umetoka. Mkulima anayeshika kalamu ya mwamuzi ataona pia jinsi ilivyo vigumu kuwazuia ng'ombe 20 wenye njaa kwenye njia nyembamba, jambo ambalo akiwa na jembe mkononi haoni.

Ni ndoto? Kwa sehemu, ndiyo. Ardhi ya Kabare na Walungu imegawanyika vipande vidogo kiasi kwamba familia nyingi hufunga ng'ombe mmoja kwa kamba na kumkatia majani. Huyo hahitaji mbwa. Mashamba makubwa ya mifugo, yale watu huita ferme, yako zaidi Masisi, katika nyanda za juu za Kalehe upande wa Numbi, na kwenye uwanda wa Ruzizi. Huko ndiko mbwa angekuwa na nafasi ya kukimbia.

Gharama nayo ni swali. Mwaka 2021 huko Wales mbwa mmoja aliyeitwa Kim aliuzwa kwa zaidi ya pauni 28,000, bei ambayo hapa ingenunua kundi zima la ng'ombe na chenji ikabaki. Hakuna anayependekeza hilo. Mbwa wa kijijini hana yale macho ya kukazia ambayo mbwa wa Skoti walirithishwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi. Lakini baadhi yao hufuata mifugo kwa utulivu, hurudi wakiitwa, na huogopewa na ng'ombe kiasi tu. New Zealand kuna aina ya mbwa inayochunga kwa kubweka, na ina mashindano yake yenyewe, ambako mbwa hupimwa kwa kubweka pale panapotakiwa na kunyamaza panapotakiwa. Kubweka tunako. Bado kunyamaza.

Jaribio la kwanza huwa rahisi. Mbuzi watano watulivu waliozoea watu, uzio wa mviringo, mbwa mmoja kwenye kamba ndefu, dakika kumi. Mtazamaji anaangalia mambo matatu: je, mbwa anavutiwa na mifugo au anatafuta mabaki ya chakula? Anapokwenda, anazunguka au anarukia? Akiitwa, anasikia? Anayerukia na kung'ang'ania anaondolewa hapo hapo. Wengi wataondolewa. Hata kati ya mbwa waliozaliwa kwa kazi hii kuna wasioijua, na anayefaa huhitaji kama miaka miwili kabla ya kuaminiwa na kundi. Amri zinaweza kuwa za Kimashi, Kifuliiru au Kiswahili, mbwa hajali. Mbwa mmoja wa Marekani, Chaser, alijifunza majina ya vitu zaidi ya 1,000, kama ilivyochapishwa na profesa wake John Pilley mwaka 2011. Kinachomchanganya mbwa ni watu watatu wanaompa amri tatu kwa wakati mmoja, na katika familia zetu hilo si gumu kutokea.

Kuna faida nyingine ambayo haihusiani na alama. Wanaokimbia ubavuni mwa ng'ombe mara nyingi ni watoto wa umri wa shule. Mfugaji mwenye watoto watatu malishoni, akipata mbwa anayeweza kufanya nusu ya mbio hizo, angeweza kumrudisha mmoja darasani. Angeweza, si lazima afanye.

Kabla ya filimbi, sindano

Jambo linaloweza kuharibu yote ni ugonjwa. Kukusanya mbwa 30 na watu 300 mahali pamoja bila chanjo ni kucheza na kifo. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza, huua karibu kila mara. Karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutoka kwa mbwa, na waathiriwa wengi ni watoto. Kongo inaujua ugonjwa huu. Mwaka 2009 madaktari mjini Kinshasa waliandika vifo vya watoto 21 katika muda wa miezi michache. Shirika la Afya Duniani na wenzake wameweka lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na njia inayojulikana ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Aliyeng'atwa anatakiwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuona kama mbwa atakufa.

Hatari ya pili haina kelele. Mbwa anayetupiwa matumbo mabichi, mapafu na vichwa vya mifugo hupata minyoo ambayo mayai yake hurudi kwenye majani na kwenye mikono ya watu. Kaskazini mwa Kenya, kwa Waturkana, ambao huishi karibu sana na mbwa wao, uvimbe wa maji unaosababishwa na mnyoo huo ulikuwa kati ya viwango vya juu kabisa duniani, na katika miaka ya 1980 shirika la AMREF lilifanya kampeni huko ya kutibu mbwa na kupasua wagonjwa. Kaskazini mwa Tanzania, Wamaasai wanaujua ugonjwa wanaouita ormilo: mbuzi au kondoo anazunguka duara mpaka anaanguka, kwa sababu mnyoo uliotoka kwa mbwa umeingia ubongoni mwake. Mbwa wa kuchunga anayesambaza ugonjwa huo kwa kundi analochunga ni hasara juu ya hasara. Dawa ya minyoo kwa mbwa, na kuchemsha au kuzika mabaki ya machinjio, ndiyo kinga.

Mifugo yenyewe nayo ina hatari yake. Kuchanganya ng'ombe wa mashamba mbalimbali kwa siku moja kunaweza kusambaza homa ya mapafu au ugonjwa wa miguu na midomo. Ndiyo sababu kanuni za ranchi hupenda mifugo ya shamba lenyewe: wanaosafiri ni mbwa na watu, ng'ombe wanabaki kwao. Kwa Kivu kanuni hiyo ina uzito mara mbili, kwa sababu ng'ombe anayesafiri hupita vizuizi, na kila kizuizi kina bei yake.

Huduma za mifugo za mkoa, zinazojulikana kama IPAPEL, pamoja na wanafunzi wa kilimo na ufugaji wa vyuo vikuu vya Bukavu, wangeweza kusimama mlangoni siku hiyo. Kila mbwa angekuja na kadi yenye tarehe ya chanjo, angalau siku 21 kabla. Asiye na kadi angechanjwa palepale na kurudishwa nyumbani na mwenyewe, akasubiri mashindano yanayofuata.